Kampaundi yangu inashika DNA vizuri kuliko sisplatini, je niiite dawa ya kansa?

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo (kwa asiye wa fani: sisplatini ni dawa ya kansa yenye platinamu, ligandi ni molekuli inayoshikilia metali na fenanthrolini ni mojawapo, Kb ni namba ya nguvu ya kushika, HeLa ni seli za kansa zinazofugwa maabara): "Shikamoo daktari. Nasoma kemia mwaka wa mwisho. Nimetengeneza kampaundi ya shaba yenye ligandi ya fenanthrolini, nikapima na DNA ya ndama nikapata Kb ya 2 × 10⁵, alafu kwenye seli za HeLa imeua nusu ya seli kwa mikromola 4 wakati sisplatini ilihitaji zaidi ya 20. Naweza kuandika kwenye tesisi kuwa yangu ni bora kuliko sisplatini? Na kama mapepa yamejaa kampaundi za hivi, mbona hospitalini bado ni platinamu tu?"

Marahaba mdogo wangu. Swali la kwanza jibu lake ni hapana, usiandike hivyo, na sababu zake ndo hizo hizo zinazojibu swali la pili, kwahiyo nivumilie maana nitazunguka kidogo.

Tuanze na hili la kushika DNA. Kushika DNA ni kazi nyepesi sana. DNA ni mnyororo mrefu wenye chaji hasi mwili mzima, ukiiletea kitu chochote chenye chaji chanya kitaisogelea, na kikiwa bapa kama fenanthrolini yako basi kitajipenyeza katikati ya ngazi zake kama karatasi inavyopenyezwa kati ya kurasa za kitabu. Ethidiamu bromaidi, ile rangi mnayoweka kwenye jeli, inashika DNA pengine kuliko kampaundi yako na hakuna anayeiita dawa ya kansa, tunaivalia glavu. (Ng'ombe wenye ugonjwa wa nagana ndio wamewahi kutibiwa nayo, kwa jina la homidiamu, ila hiyo ni hadithi nyingine.) Kwahiyo mtu akikuonesha Kb kubwa akasema "hii ni dawa", muulize kwanza: imeshika, sawa, alafu ikawaje?

Hilo "alafu ikawaje" ndo linaitofautisha sisplatini na kampaundi elfu kadhaa zilizokuja baada yake.

Molekuli yenyewe ni ya zamani ajabu. Michele Peyrone, Mwitaliano, aliitengeneza miaka ya 1840 na ikakaa kwenye vitabu vya kemia zaidi ya karne nzima bila mtu kuhangaika nayo, atomu moja ya platinamu, amonia mbili upande mmoja na kloraidi mbili upande mwingine, basi. Alfred Werner mwaka 1893 ndo alieleza umbo lake la bapa. Kisha mwaka 1965 Barnett Rosenberg na wenzake wa Michigan State wakachapisha kitu ambacho hawakukitafuta: walikuwa wanapitisha umeme kwenye chombo chenye bakteria wa E. coli wakitaka kuona kama umeme unaathiri seli kugawanyika, wakatumia elektrodi za platinamu kwa sababu platinamu inasifika haifanyi chochote, na bakteria wakaacha kugawanyika lakini wakaendelea kurefuka, wakawa kama nyuzi, wengine hadi mara 300 ya urefu wao wa kawaida. Ilichukua muda kugundua kwamba umeme hauna kosa. Elektrodi ilikuwa inayeyuka kidogo kidogo na kuungana na chumvi ya amonia iliyokuwa kwenye chakula cha bakteria. Mwaka 1969 wakaonesha inayeyusha uvimbe kwa panya, na mwisho wa 1978 Marekani ikaipitisha kwa wagonjwa.

Angalia mpangilio huo. Athari kwa seli ilionekana kwanza, DNA ikaja kueleweka baadae. Siku hizi tunaanzia mwisho, tunapima DNA alafu tunaomba Mungu seli zikubali.

Sasa nini hasa inafanya. Hapa naomba usome taratibu maana ndo penyewe. Kwenye damu kuna kloraidi nyingi, kama milimola 100 kwa lita, na kloraidi hiyo inazuia zile kloraidi mbili za kwenye dawa zisiachie, ndo maana hata manesi wanaichanganya kwenye maji ya chumvi na sio maji matupu. Ikishaingia ndani ya seli kloraidi inashuka sana, inafika kati ya 4 na 20 hivi, sasa dawa inaachia kloraidi moja na maji yanakaa mahali pake, na maji ni mpangaji asiye na mkataba, akija mwingine anatoka. Anayekuja ni naitrojeni namba 7 ya guanini, moja ya herufi nne za DNA. Kisha kloraidi ya pili nayo inatoka na platinamu inashika guanini ya jirani, uzi ule ule. Kama asilimia 65 ya vifungo vyake kwenye DNA ni vya hivyo, guanini mbili zilizopakana, na asilimia 20 hadi 25 ni adenini (herufi nyingine) na guanini. Guanini mbili zilizokuwa zimelala sambamba zinavutwa pamoja na DNA inapinda kama goti, digrii 30 na zaidi, kundi la Stephen Lippard walilipiga picha goti hilo kwa fuwele mwaka 1995.

Goti hilo ndo habari yenyewe. Kuna protini za seli ambazo kazi yao ni kutambua DNA iliyopinda, zinakuja zinakaa hapo, na mashine za kunakili na kusoma DNA zikifika zinakwama, seli inajaribu kukarabati, ikishindwa inajiua yenyewe. Kwahiyo sisplatini yenyewe haiui, inavunja kitu na kuiachia seli iamue. Ushahidi mzuri ni pacha wake, transplatini, atomu zile zile kabisa ila kloraidi ziko pande mbili tofauti badala ya upande mmoja. Inashika DNA! Inashika vizuri tu. Lakini haiwezi kufunga guanini mbili za jirani kwa sababu mikono yake imeelekea pande tofauti, na kwa kansa ni kama haina kazi. Ukimfundisha mtu kitu kimoja tu kuhusu somo hili mfundishe transplatini.

Na ushahidi mwingine uko kwa wagonjwa. Kansa ya korodani iliyosambaa, kabla ya dawa hii waliopona walikuwa wachache mno, mmoja kati ya kumi au hata pungufu. Mwaka 1974 Lawrence Einhorn pale Indiana akaichanganya sisplatini na dawa nyingine mbili, vinblastini na bleomaisini, na leo wanaopona ni kama wanane kati ya kumi. Kwanini korodani na sio kongosho? DNA ni ile ile, guanini ni zile zile, Kb ingekuwa ile ile. Tofauti ni kwamba seli za kansa hiyo ni dhaifu kwenye kukarabati goti na nyepesi kujiua. (Na bleomaisini kwenye mchanganyiko ule, watu wengi hawajui, nayo ni habari ya metali: inadaka chuma mwilini na kwa kutumia oksijeni inakata DNA. Kwahiyo metali mbili ziko kwenye tiba moja.)

Turudi kwako. Umelinganisha Kb yako na sisplatini na hapo ndo umeteleza mapema kabisa, kwa sababu Kb ni kipimo cha kitu kinachoingia na kutoka, kinachofika kwenye mizani. Sisplatini inaunga kifungo kabisa na haitoki, tena inachukua masaa kufanya hivyo, ukiipima kwa dakika kumi za kuongeza DNA kwenye kiseli (kikopo cha kioo) cha mashine ya UV utaona ni kama imelala. Ni sawa na kulinganisha gundi na sumaku kwa kuangalia nani kashika haraka. Alafu hata hiyo sisplatini inayofika ndani ya seli, inayoishia kwenye DNA ya kiini ni kama asilimia 1 tu, nyingine yote inanaswa na protini na glutathioni (molekuli ndogo ya seli yenye salfa) na vingine. Asilimia moja inaua. Kwahiyo wingi wa kushika sio uliobeba mambo.

DNA yenyewe uliyoitumia pia iangalie vizuri. Ile ya ndama inakuja kama kipande cha pamba, unaiacha usiku kucha kwenye friji inyonye bafa, asubuhi unakuta uteute unaovutika, unapima mwanga unaonyonywa kwenye nanomita 260 na 280 uone uwiano umefika 1.8, yaani haina protini nyingi, ndo unaanza. Iko uchi kabisa. Ndani ya seli ya binadamu kuna DNA ya karibu mita mbili imekunjwa ndani ya kiini kisichozidi mikromita chache, imezungushwa kwenye protini za histoni, kila kifurushi jozi za herufi kama 147, na kabla kampaundi yako haijafika huko inapita kwenye seramu yenye albumini (protini ya damu), kisha kwenye utando wa seli, kisha kwenye glutathioni ya kiwango cha milimola. Na shaba yenye chaji mbili, Cu(II), ikikutana na glutathioni haibaki hivyo, inashushwa kuwa ya chaji moja, Cu(I), na mara nyingi inang'olewa kwenye ligandi zake.

Ndo nauliza sasa: una uhakika kinachoua HeLa ni kampaundi yako? Fenanthrolini peke yake ni sumu kwa seli, inadaka metali ambazo seli inazihitaji. Umepima fenanthrolini tupu? Umepima chumvi ya shaba tupu? Kama fenanthrolini tupu nayo inaua kwa mikromola 4 au 5, basi tesisi yako imegundua njia ndefu ya kupeleka fenanthrolini kwenye seli. Nasema hivi bila kejeli, nimekagua pepa nyingi zisizo na kipimo hicho na zimechapishwa. Pia shaba na fenanthrolini mbili tunajua tangu mwishoni mwa miaka ya 70 kwamba inakata DNA kwa kutengeneza oksijeni kali, na hiyo oksijeni kali haichagui, inakata DNA, inachoma mafuta ya utando wa seli, inaharibu protini, ya seli mbaya na nzuri.

Sasa hili la sisplatini kuhitaji 20 na kitu. Hapa nina dhambi ya kuungama. Nilipoanza, kampaundi zetu zote zilikuwa haziyeyuki kwenye maji kwahiyo kila kitu tuliyeyusha kwa DMSO (kiyeyushi cha maabara), na ili "mambo yawe sawa" na sisplatini nayo tukaiyeyusha kwa DMSO, chupa moja imewekwa kwenye friji inatumika miezi. Kila kampaundi tuliyotengeneza ilikuwa inaishinda sisplatini. Kila moja! Tulifurahi kweli. Mpaka siku mgeni mmoja aliyekuja kuona maabara akauliza mmeyeyusha na nini, tukamwambia, akacheka kwa huruma. DMSO ina salfa, na salfa na platinamu zinapendana kuliko platinamu na kloraidi, DMSO inaing'oa kloraidi inakaa yenyewe na dawa inageuka kuwa kitu kingine chenye nguvu kidogo sana. Tulikuwa tunashindana na maiti. Tukarudia kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, na sehemu kubwa ya "ushindi" wetu ikayeyuka mchana mmoja. Sijui wewe umeyeyusha na nini hujasema, ila mikromola 20 na kitu kwa HeLa inanipa wasiwasi, na nyingine ya kuangalia ni muda, maana ukiziacha masaa 24 badala ya 72 unaipendelea kampaundi inayoua haraka kwa sumu na unaionea ile inayosubiri seli ijaribu kugawanyika.

Na seli nzuri je? HeLa ni seli za kansa, sawa, lakini ukimwaga jiki napo zinakufa. Bila mstari wa seli za kawaida pembeni, namba 4 haina maana yoyote. Kama seli za kawaida zinakufa kwa mikromola 5 basi huna dawa, una sumu, na hakuna ubaya kuisema sumu ila iite jina lake.

Swali la pili, mbona hospitali ni platinamu tu. Kwanza sio kwa sababu platinamu ni nzuri sana. Sisplatini inaumiza figo mpaka mgonjwa anapewa lita za maji kabla na baada, inatapisha vibaya, inaua masikio, watoto wanapoteza usikivu wa sauti nyembamba moja kwa moja, mpaka mwaka 2022 Marekani wakapitisha dawa ya thayosalfeti ya sodiamu kupunguza hilo kwa watoto. Ni dawa ya kero kweli, hata sindano zenye aluminiamu hairuhusiwi kugusana nayo maana inachafuka kuwa nyeusi. Ndugu zake wawili walitengenezwa kukwepa hayo: kaboplatini badala ya kloraidi ina pete inayoachia polepole, figo zinapumua lakini chembe sahani za damu zinashuka, na oksaliplatini ya kansa ya utumbo mpana ambayo yenyewe ukiichanganya na maji ya chumvi unaiharibu, inataka maji ya sukari, na mgonjwa wake akigusa kitu cha baridi vidole vinachoma kama umeme. Zote tatu ni platinamu, zote zinapinda DNA.

Nyingine zimejaribiwa, usidhani watu wamelala. Titani ilifika kwa wagonjwa miaka ya 80 kwa budotitane, baadae na titanosini dikloridi, ikakwama kwa sababu kwenye maji inavunjika haraka mno na huwezi kuiweka kwenye dripu ukajua unampa mtu nini. Rutheni ilileta matumaini makubwa, NAMI-A na KP1019 zote zilifika kwa wagonjwa, na cha kuchekesha NAMI-A ilikuwa inashika DNA hovyo tu, sifa yake kwa panya ilikuwa kuzuia kansa kusambaa, kwa binadamu haikufua dafu. Wamexico wana kampaundi za shaba zenye fenanthrolini, ukoo mmoja na yako kabisa, wanaziita Casiopeínas, Lena Ruiz-Azuara na kundi lake wamezihangaikia miongo kadhaa, zisome kabla hujaandika sura ya mjadala maana karibu kila swali lako wameshakutana nalo.

Na metali zisizo platinamu ambazo zinatumika kweli, nyingi hata hazihusiki na DNA. Arseniki, ambayo ni nusu metali, ilipitishwa Marekani mwaka 2000 kwa aina moja ya lukemia na inafanya maajabu, lakini inashika protini moja mbovu inayosababisha ugonjwa huo na kuifanya ivunjwe. Dhahabu ya auranofini, dawa ya baridi yabisi tangu 1985 ambayo watu wanaijaribu kwenye kansa, inashika kimeng'enya cha thayoredoksini ridaktesi. Kwa maoni yangu huko ndo kwenye chakula siku hizi, na wewe una akili ya kutosha kuangalia zaidi ya DNA. Lakini najua supervaiza wako ana mashine ya UV na ana chupa ya DNA ya ndama, na unatakiwa umalize mwaka huu, tusidanganyane.

Kwahiyo uandike nini. Andika kwamba kampaundi inaingiliana na DNA ya ndama, na kama umepima mnato ukaona unapanda andika kwamba inaelekea kujipenyeza katikati ya ngazi, maana kitu kikijipenyeza DNA inarefuka na uteute unazidi kuwa mzito, hicho ni kipimo cha kizamani cha kioo na saa ya mkononi lakini ni kikweli kuliko picha za kompyuta zenye rangi rangi zinazokisia molekuli inavyokaa kwenye DNA. Zile picha ziweke moja tu, sio sita. Andika inaua HeLa kwa kiwango ulichopata, chini yake weka fenanthrolini tupu, shaba tupu, na seli za kawaida. Neno "bora kuliko sisplatini" lifute kila lilipo, pamoja na kwenye muhtasari, huko ndo wakaguzi wanaanzia.

Kabla ya yote rudia sisplatini. Pima miligramu 1 kwa mililita 1 ya maji ya chumvi, hiyo ni kama milimola 3.3 na inakutosha kabisa, itikise mpaka iishe, funika na foili maana mwanga unaisumbua, na usiiweke kwenye friji, itaganda chini kama mchanga wa njano na utapima maji matupu bila kujua. Tengeneza ya siku hiyo hiyo. Na kama kuna chupa ya zamani ya DMSO yenye jina lake, itoe ikae kwenye pipa la taka za sumu, sio kwenye sinki, kisha uniandikie namba mpya imetoka ngapi.